Wakuu, nani anachota hapo katikati kwenye bei ya bia?

MgeniWaKaunta: Wakuu salaam. Baa yangu ina mwezi wa pili na bei inaniumiza kichwa. Nikigawa bei ya kreti kwa chupa, faida naiona kiduchu, lakini mteja anadai namlangua. Juzi kiwanda kimepandisha kidogo tu, rejareja ikaruka zaidi. Inakuwaje?

PovuJingi: Hakuna mwizi mkuu, ni asilimia zinapandiana mgongoni. Mfano wa kubuni: bia inatoka kiwandani kwa 100. Ushuru wa bidhaa tuseme 50 (kuna nchi hutoza kwa lita, nyingine kwa kiwango cha kilevi), inafika 150. Msambazaji anaweka 10%, 165. Wewe 20%, 198. VAT 10% juu ya vyote, 217.80. Sasa kiwanda kiongeze 10, upige tena: 232.32. Ile 10 imemfikia mnywaji ikiwa 14.52. Yaani wewe na msambazaji mnakula faida hadi juu ya ushuru, na VAT nayo inautoza ushuru huohuo!

ChupaTupu: Hiyo bei ya kreti umetoa amana ya chupa? Amana ni pesa yako, inarudi ukirudisha tupu. Gharama ni ile chupa iliyovunjika au aliyoondoka nayo mteja.

MgeniWaKaunta: Duh. Nilikuwa naigawa pamoja na amana.

MamaKaunta: Pole mwanangu. Na asilimia uijue ni ya nini. Ukinunua 80 ukauza 100, ni 25% ya ununuzi ila 20% ya mauzo. Nilishagombana na meneja wangu wiki nzima, kumbe wote tuko sahihi. Pango, umeme wa friji na mishahara vinatoka humohumo. Ukija kuuza bia ya bomba, pipa la lita 50 ni glasi 100 za nusu lita kwenye makaratasi tu. Povu na ile inayomwagwa ukisafisha mipira ya bomba vikila glasi 8, gawa gharama kwa 92.

PovuJingi: Halafu usikopi bei ya jirani. Anayechukua lori zima anapewa punguzo ambalo wewe wa kreti tano hulisikii.

MgeniWaKaunta: Nimepiga upya bila amana, faida ipo. Ngoja niingie stoo nihesabu tupu, maana hata sijui ziko ngapi.