Baba kaniita nyumbani Ijumaa kisa nalea mtoto, naombeni ushauri

Kijana_Wasini: Asalaam aleikum wanajamvi. Mie ni wa kisiwa cha Wasini, Pwani ya Kenya, ila nakaa Likoni, mke wangu anasomea uuguzi na binti yetu ana miezi minane. Mke akienda darasani mie ndo nabaki na mtoto, nampikia uji, nambadilisha pampasi, akigoma kulala namfunga mgongoni kwa leso nazunguka naye uani mpaka asinzie, jioni mamake akirudi ndo natoka na tuktuk. Sasa juzi binamu yangu kanipiga picha nimembeba akaitupa kwenye grupu ya ukoo. Baba kanipigia, hakugomba, kasema tu Ijumaa baada ya swala niwe nyumbani, wazee watakuwepo. Tangu siku hiyo chakula hakishuki. Niende ama nisiende?

Kaskazi: Umekaliwa chapati kaka, mke kakutawala 😂😂

MamaMtongwe: Wee Kaskazi nyamaza. Mie nimezaa watano, napika kwa kuni mmoja mgongoni mwengine tumboni, baba yao yuko barazani anacheza bao. Endelea mwanangu. Na hiyo leso funga juu kifuani, ukiifunga tumboni mtoto atateleza.

MtotoWaDago: Babangu alikuwa mvuvi, akienda dago, kambi za wavuvi za mbali, hata miezi mitatu hatumuoni. Siku moja alirudi nna miaka minne hivi nikajificha nyuma ya mtungi, mama akanivuta nje, nikampa shikamoo kama mgeni aliyekuja kuuliza njia. Hakuwa mtu mbaya, alikuja na ng'onda na pesa, ndo malezi aliyoyajua. Wangu mie akisikia tu komeo la mlango anakuja mbio kunishika mguu. Hilo silibadilishi kwa chochote.

Kibokoni_K: Mtume s.a.w. mwenyewe alikuwa akiwasaidia watu wa nyumbani kwake na akishona viatu vyake. Na Katiba ya Kenya ya 2010 ibara ya 53 imesema malezi ni jukumu la mama na baba sawasawa. Ila mzazi akiita, unaenda.

Mwajiriwa: Sheria ya ajira ya 2007 inampa baba wiki mbili za likizo na mshahara. Mie nilikaa siku tatu nikarudi kazini kwa kuogopa maneno ya wenzangu. Mtoto sasa ana miaka sita na bado inaniuma.

SwaliMoja: Jamani tulieni. Mtu haitwi mbele ya wazee kwa ajili ya leso. Kijana, nini hujatwambia?

Kijana_Wasini: Haya. Baba alinipa mashine ya boti, tulikuwa tunapelekea watalii hifadhi ya bahari ya Kisite. Niliiuza nikalipa karo ya mke. Baba hajui, ama labda keshajua. Lakini alinipa mwenyewe, ilikuwa mali yangu, na karo ya muhula ujao nishalipa hakuna cha kurudisha. Alitaka nirithi bahari, mie nataka mwanangu anijue sura.

Kaskazi: Hapo sasa sicheki.

Mkwiro_Damu: Hii umetunga. Mie ni wa Mkwiro. Kisiwa cha Wasini vijiji vikubwa ni viwili tu, chenu na chetu, mashine ikikohoa tu twajua ni ya nani, seuze kuuzwa! Na Shimoni tunakovukia bara je, hakuna aliyeiona ikipita?

SwaliMoja: Mie pia nimeanza kushuku. Kila tukiuliza chatoka kipya.

Kijana_Wasini: Walahi situngi. Ilikufa gia, watu wakaiona ikipakiwa Shimoni kuja kwa fundi Mombasa. Ilipopona nikaiuza hukuhuku. Nyumbani nimesema bado iko kwa fundi, karibu miezi minne sasa. Kwenye mkono wa hiyo mashine baba alizungusha mpira wa baiskeli wa bluu ili usiteleze. Niliukata kabla sijampa mnunuzi, ninao hapa kabatini.

Mkwiro_Damu: ...Mpira wa bluu naujua. Samahani ndugu yangu.

MamaMtongwe: Mwanangu, leso si kosa, hilo la mashine ndo kosa. Usingoje baraza. Mshike babako pembeni mkiwa wawili tu umwambie kwa mdomo wako, asiaibike mbele ya wenzake.

Kijana_Wasini: Nilitaka aniulize yeye kwanza.

MamaMtongwe: Hatauliza. Ndo maana kaita wazee.

Mkwiro_Damu: Kusi limeshika, mchana bahari inachafuka. Ukija na mtoto vuka mapema, nitakuwa gatini Shimoni na boti.

Kijana_Wasini: Saa moja asubuhi nitakuwa hapo, na binti yangu. Ule mpira nimeshautia kwenye mkoba wa pampasi.