Kambi ya skauti: mzazi apike, au mtoto aunguze mboga mwenyewe?

Wazazi wenzangu, walimu walezi na skauti wenyewe, naomba tulijadili hili kabla ya kambi ya Agosti. Binti yangu yuko Chipukizi, ngazi ya pili ya skauti, katika patroli (kikosi kidogo) ya watoto saba. Kambi iliyopita walikula ugali wa mabuje na sukuma iliyoungua. Usiku mvua ikawaingilia kwa sababu walipiga hema bondeni. Waliporudi, simu hazikulala. Sasa wazazi wengi wanataka tuchange pesa tuajiri mpishi, na wachache wetu watangulie kupiga hema ili watoto wakute kila kitu tayari.

Mimi napinga. Wiki moja baada ya kambi ile nilifika mapema kumchukua binti yangu, nikawakuta wameketi chini ya mti wakijisaili. Aliyekuwa mpishi alikiri kwamba alitia unga kabla maji hayajachemka. Aliyechagua mahali pa hema alisema aliona nyasi laini, hakuangalia mteremko. Kiongozi wao wa miaka 14 aliandika yote daftarini. Hakuna mtu mzima aliyesema neno. Nina miaka mingi ya kumhubiria mtoto huyu kuhusu kupanga mambo mapema, na sijawahi kumwona akisikiliza namna ile.

Hivi ndivyo skauti ilivyokusudiwa tangu mwanzo. Wakati wa kuzingirwa kwa Mafeking, Afrika Kusini, mwaka 1899 hadi 1900, Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, aliona wavulana wakipewa kazi ya kupeleka barua na kuiweza. Agosti 1907 alipofanya kambi ya majaribio kisiwani Brownsea, Uingereza, aliwagawa wavulana katika patroli nne, kila moja chini ya mvulana mwenzao. Mzee huyo amezikwa hapa kwetu Kenya, mjini Nyeri, tangu 1941, na kila Februari tunawapeleka watoto kaburini kwake. Tukishampa heshima hiyo, tunarudi nyumbani kuajiri mpishi?

Semeni nanyi.

Baba wa wawili, Mombasa

Mama, nimekusoma kwa makini, lakini mimi nakaa karibu na maji. Mtoto akizama, huyo kiongozi wa miaka 14 ndiye atakayekuja kunipa habari? Mtoto hujifunza kwa kuongozwa. Mimi sikumpeleka mwanangu skauti akalelewe na mtoto mwenziwe.

Aliyeanzisha mada

Baba, kwenye maji sikupingi hata kidogo. Watoto hawapigi kura kuhusu kuogelea. Maji, moto wa gesi, safari za usiku, dawa na afya, nani analala wapi: hayo ni ya watu wazima, na wawe wawili au zaidi, asibaki mtu mzima mmoja na mtoto mmoja faraghani. Hapo kiongozi wa kundi akisema hapana, ni hapana.

Lakini tazama tulichokuwa tukibishania. Ugali. Hema lenye maji. Zamu ya kuosha sufuria. Hakuna mtoto aliyedhurika kwa hayo. Walilowa, wakahamia hema la jirani, wakacheka hadi asubuhi. Hofu ya mtoni tusiihamishie jikoni.

Mwalimu mlezi, Nakuru

Naunga mkono, ila kuna jambo mama hakuligusa. "Watoto wajiongoze" imekuwa kisingizio kwa baadhi yetu walimu. Mtu anaketi kivulini na simu, anasema ni mfumo wa patroli. Niliwahi kumkuta kiongozi wa patroli amewatwika wadogo vyombo vyote siku tatu mfululizo, yeye na rafiki zake wamelala. Yule hakuwa mtoto mbaya. Hakuna aliyemfundisha kuongoza, akaiga alichokiona kwa wakubwa.

Siku hizi, kabla ya kambi, nakutana na viongozi wa patroli peke yao. Tunafanya mazoezi: jinsi ya kugawa zamu, jinsi ya kumsikiliza aliyenuna, kiongozi anakula wa mwisho. Kisha wao huketi katika baraza lao na kupanga ratiba. Nami nipo pembeni, nauliza maswali tu. "Mvua ikinyesha mtafanyaje?" Basi, nanyamaza. Kunyamaza huko ndiyo kazi ngumu kuliko zote nilizowahi kufanya katika ualimu.

Aliyeanzisha mada

Mwalimu, asante. Umenirekebisha. Nilikuwa nafikiri kazi ni kuwaachia tu. Kumbe kumwachia mtoto uongozi bila kumwandaa ni kumtupa yeye na wale wadogo walio chini yake.

Zamani kiongozi wa patroli, sasa Jasiri (ngazi ya skauti vijana wakubwa)

Niliwahi kupewa shilingi 3,000 ninunue chakula cha watu wanane kwa siku mbili. Sikulala kwa furaha. Asubuhi mama akaja nami sokoni, akabishana bei kwa niaba yangu, akachagua nyanya, akalipa. Pesa ilibaki nyingi, na patroli ilinisifu. Mimi nilijua sifa si zangu. Mama alikuwa na nia njema, nami sikuwahi kumwambia.

Wazazi, jioni kabla ya soko niketisheni mnifundishe kupiga hesabu ya unga kwa watu wanane. Asubuhi bakini nyumbani.

Mama wa Sungura (skauti wadogo kabisa), Kisumu

Tunajua tabia hii, hata shuleni kwenye mtaala wa CBC tunayo. Sanamu ya kutishia ndege anaitengeneza baba saa sita za usiku, mtoto anapata alama. Lakini mniambie basi, sisi tufanye nini? Tukiambiwa "msiingilie" tu, wengi tutakaa kando kabisa.

Aliyeanzisha mada

Dada, kazi ipo tele, na mtoto haiwezi. Hawezi kuendesha gari, kuweka sahihi ya ruhusa, wala kumwandikia kiongozi kwamba ana pumu. Kundi linahitaji mweka hazina anayetoa hesabu, na mtu wa huduma ya kwanza. Kama wewe ni fundi cherehani, nesi au mkulima, una ujuzi ambao kuna patroli inautafuta. Ngoja wakualike, ufundishe saa moja, uondoke. Na kwa Sungura wako, wasaidie zaidi. Wale ni wadogo, uongozi wao ni kushika kamba na kuhesabu wenzao.

Jambo moja nimejiwekea mwenyewe: nikitaka kujua habari za kambi, simpigii mwalimu. Namuuliza binti yangu, naye anamuuliza kiongozi wa patroli yake. Jibu huchelewa. Mara mbili limekuja na makosa, wakalisahihisha wenyewe.

Jana baraza lao limetuletea wazazi orodha ya wanachohitaji, kwa mwandiko wa yule yule wa miaka 14: sufuria mbili kubwa, turubai moja, mtu wa kuwafundisha kutambua mteremko, na mzazi mwenye pikapu Ijumaa mchana. Mpishi hayumo. Sufuria natoa mimi. Nani ana pikapu?