Kamera ya joto kwa wanaopigwa mionzi ya titi: msaada au mzigo?

Mtoa mada:

Ndugu wachangiaji, zipo tafiti zinazopendekeza kwamba mgonjwa wa saratani ya titi apigwe picha ya joto mara kwa mara anapokuwa kwenye tiba ya mionzi, ili ngozi inayoelekea kuungua ijulikane mapema. Nilipolitaja jambo hili nilijibiwa kwamba hiyo ni anasa ya nchi tajiri. Mimi naona kinyume chake: kama kifaa hiki kina mahali kinapofaa zaidi, ni kwetu, na sababu ni rangi ya ngozi zetu.

Karibu kila anayepigwa mionzi ya titi hupata mabadiliko ya ngozi. Wengine huishia kwenye weusi na mwasho, wengine huchunika hadi nyama mbichi, hasa kwapani na kwenye mkunjo wa chini ya titi. Madaraja ambayo madaktari hutumia kupima madhara hayo huanza na wekundu: kwanza hafifu, kisha mkali, ndipo kuchunika. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo hauonekani vizuri, kwa hiyo mama anaweza kuandikiwa daraja la chini siku ambayo mwenzake mweupe, mwenye jeraha lilelile, ameshapanda la pili. Miale ya joto haina ubaguzi huo. Ngozi ya binadamu, iwe nyeusi au nyeupe, huitoa karibu kwa kiwango kilekile, na kamera huisoma bila kumgusa mgonjwa wala kumwongezea mionzi. Huko Toronto, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2020, wanawake 90 walifuatiliwa kwa njia hii, na picha zilizopigwa kufikia kipindi cha tano (yaani mara ya tano kupigwa mionzi) zilisaidia kubashiri ni nani ngozi yake ingeumia.

Mwanafizikia wa tiba:

Kuhusu rangi ya ngozi uko sahihi. Ila wengi wakisikia habari hii hudhani kamera inaona mionzi inavyopasha titi. Haioni. Dozi ya siku moja ya grei 2 (grei ni kizio cha dozi ya mionzi) hupandisha joto la mwili kwa takriban nyuzi 0.0005 tu za Selsiasi, na hakuna kamera ya wodini itakayoligundua badiliko hilo. Kinachoonekana ni damu inayokimbilia ngozini pale tishu zilizojeruhiwa zinapowaka, na damu hukimbilia ngozini kwa sababu nyingi: kidonda cha upasuaji ambacho hakijatulia, maambukizi, au jua la kituo cha daladala alikotoka mgonjwa asubuhi ile. Ndiyo maana titi linalotibiwa hulinganishwa na lenzake (na aliyeondolewa titi zima tumlinganishe na nini?), na mgonjwa hukaa kifua wazi kama dakika 15 kwenye chumba ambacho joto lake halibadiliki. Chumba hicho ndicho ghali, si kamera. Kipate kwanza mwezi Februari, umeme ukikatika, huku foleni ya mashine ikiwa imefika nje.

Daktari:

Mimi nina hofu nyingine. Mwaka 1956 Ray Lawson wa Montreal alieleza kwamba ngozi iliyo juu ya saratani ya titi huwa na joto zaidi, na matumaini yakawa makubwa. Miaka ya 1970 Wamarekani waliijaribu picha ya joto katika mradi wao mkubwa wa kutafuta saratani ya titi mapema, wakaiacha kwa sababu ilishindwa kuwagundua wagonjwa wengi mno. Hata hivyo biashara haikufa, hadi mamlaka ya chakula na dawa ya nchi hiyo ikalazimika kuonya, mwaka 2011 na tena 2019, kwamba picha ya joto si mbadala wa mamogramu, yaani eksirei ya titi. Nunueni kamera Jumatatu kwa ajili ya ngozi; sitashangaa Ijumaa nikiona bango mtaani la kupima saratani bila maumivu.

Halafu, ukishajua nani ataungua, utafanya nini? Krimu ya mometasoni, dawa ya steroidi ya kupaka, ambayo majaribio yameonyesha kwamba hupunguza madhara ya ngozi, unaweza kumpa kila mgonjwa tangu siku ya kwanza. Ukitaka kupunguza kuungua, punguza vipindi: Waingereza walionyesha mwaka 2008 kwamba grei 40 kwa vipindi 15 hutosha badala ya grei 50 kwa vipindi 25, na mwaka 2020 wakashuka hadi grei 26 kwa vipindi 5. Utabiri unaotoka kwenye kipindi cha tano utamfaa nini mtu ambaye kipindi chake cha tano ndicho cha mwisho?

Mama aliyetibiwa:

Nilipigwa vipindi 25, hospitali sitaitaja. Kwenye kipindi cha 18 nilimwambia dada wa zamu kwamba kwapani panawaka. Akatazama, akasema, "Mbona hapajawa pekundu, mama." Wiki iliyofuata ngozi ilitoka na blauzi. Hoja ya mtoa mada naielewa kuliko ninyi nyote, lakini yule dada angeweka mgongo wa mkono wake pale angelisikia hilo joto. Hakuweka.

Mtoa mada:

Mama, pole sana, na nakubali: mkono ungetangulia. Tatizo la mkono ni kwamba hauandiki. Dada wa zamu ya leo hawezi kujua mwenzake alisikia joto kiasi gani wiki iliyopita, wala daktari hawezi kulisoma kwenye faili.

Daktari, swali lako la vipindi vitano limenifanya nibadili pendekezo langu, ila si kwa upande ulioutaka. Ngozi huwa mbaya zaidi wiki moja au mbili baada ya kipindi cha mwisho, na tiba ikifupishwa, wakati huo mgumu unamkuta mgonjwa nyumbani. Mama aliyekuja hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, kutoka Songea anakuwa ameshapanda basi, na huko aendako hakuna atakayeitambua hali ile. Basi tuache picha za kila wiki pamoja na foleni yake. Ipigwe moja kabla ya kuanza, nyingine siku ya kuruhusiwa, titi kwa titi. Yule ambaye upande uliotibiwa umeonyesha joto lililozidi wazi asiondoke bila vifaa vya kufungia kidonda na namba ya muuguzi, na apigiwe simu baada ya siku saba. Mwanafizikia, kwa picha mbili tu kwa kila mgonjwa, chumba chako bado hakipatikani?