Mjadala: Injini ya turbo iliyotoka ovahoo, iachwe silensa (ingurume imesimama bila kukanyagwa mafuta) kutwa nzima au iingie barabarani siku hiyohiyo?

Wakuu, tulijadili hili bila kurushiana maneno, maana kila gereji ninayopita nakuta watu wamegawanyika.

Tuchukue Subaru Forester ya turbo (kile kifaa kinachoisindilia injini hewa) yenye injini ya EJ20, kwa kuwa zimejaa mitaani na habari za kunoki kwake, yaani injini kufa, tunazijua. Injini imefunguliwa, silinda zimepitishwa mawe ya kusugulia, ringi za pistoni na metali (beringi za krenki) ni mpya. Fundi anawasha, anaegemeza boneti, anasema, "Iache ingurume mpaka jioni ijizoeshe." Mwenye gari anaambiwa asizidi 60 kwa saa mwezi mzima. Upande wa pili wanasema huko ni kuiua taratibu: ikishawashwa na kukaguliwa, itoke ikafanye kazi.

Mimi niko na hao wa pili, na sababu yangu ni ringi. Ringi haibani ukuta wa silinda kwa nguvu ya chuma chake pekee. Mafuta yanapolipuka, gesi inapita nyuma ya ringi na kuisukumia nje. Yale mawe yameacha mikwaruzo iliyopishana, na ncha zake zinatakiwa zisagwe kidogo ili ringi na ukuta vipatane. Kwenye silensa msukumo huo ni mdogo mno. Ncha hazisagiki sawasawa, oili inaungulia ukutani, ukuta unaanza kung'aa. Ukishafika hapo hakuna dawa ya kumimina. Ni kufungua tena. Miezi miwili baadaye gari inatoa moshi wa bluu, inakula oili, na lawama zote anatupiwa muuza spea kwamba ringi zilikuwa feki. Kwenye dizeli za turbo hali ni mbaya zaidi, waulizeni wenye jenereta zinazonguruma saa nyingi bila mzigo.

Lakini wanaohimiza upole wana hoja moja nzito, nayo ni ule mwasho wa kwanza. Shafti ya turbo inaweza kuvuka mizunguko 100,000 kwa dakika, na inaelea juu ya utando wa oili. Ukiwasha mabomba yakiwa makavu, umeshaianza vibaya hata kama utaendesha kwa adabu mwaka mzima. Kwa hiyo plagi zitolewe, koili zichomolewe, fyuzi ya pampu ya mafuta iondolewe, kisha zipigwe stata fupifupi, ukiipumzisha katikati, mpaka gegi ionyeshe presha ya oili. Kabla ya hapo turbo yenyewe imiminiwe oili safi kwenye tundu lake la kuingizia na izungushwe kwa kidole. Bomba la kurudishia oili nalo litazamwe. Oili hurudi kwa kushuka yenyewe, haisukumwi, hivyo silikoni iliyopakwa kwa fujo ikiziba hapo, turbo itavujisha na utaambiwa imekufa.

Halafu kuna uchafu wa injini iliyokufa. Metali ikisagika, vipande havibaki kwenye sampo, lile bakuli la oili chini ya injini. Vinaingia kwenye kipoza oili na kwenye turbo. Baadhi ya EJ20 zina kachujio ndani ya bolti ya bomba linalopeleka oili kwenye turbo, kadogo kuliko kifuniko cha kalamu. Niliwahi kuona kamoja kametolewa kwenye injini iliyokuwa tayari kufungwa: kameziba kwa tope jeusi, ukikaelekeza kwenye jua huoni mwanga. Injini mpya ilikuwa inaenda kuunganishwa na hicho. Tunabishana silensa au barabara, kumbe turbo ingekufa vyovyote vile.

Ikishawaka, taa ya oili izime ndani ya sekunde chache, la sivyo zima. Usipige resi. Angalia uvujaji. Toa hewa kwenye rejeta, maana silinda za injini hii zimelala ubavu na hewa hujificha; Subaru wameweka kiskurubu cha kutolea hewa juu ya rejeta, na kuinua pua ya gari kunasaidia. Subiri feni iwake na kuzima. Hiyo ni kama nusu saa, si kutwa. Zima, ipoe, mwaga oili, kata filta uone kilichomo.

Baada ya hapo ni barabara, tuseme Kibaha kuelekea Chalinze asubuhi na mapema. Gia ya tatu, kanyaga nusu kutoka mizunguko 2,000 hadi 3,500 au 4,000, achia kabisa gari ijishikilie yenyewe mpaka ishuke, rudia. Turbo isisukume kwa nguvu zote, na usikokote gia kubwa kwa mwendo mdogo. Sheria ya 60 kwa saa ina ukweli nusu: kasi si tatizo, tatizo ni kukaa kwenye mwendo mmoja bila mzigo.

Ile ya "shikilia mizunguko 2,000 kwa muda wa dakika 20" mnayoitoa kwenye video ni ya V8 za zamani za Marekani, kwa ajili ya kamshafti zake, zile shafti zinazofungua valvu. Haikuandikwa kwa EJ20. Na oili ya kawaida dhidi ya sintetiki? Mimi naweka ya kawaida kwa sababu tunaimwaga baada ya nusu saa. Lakini sintetiki nayo haizuii ringi kukaa: Corvette, gari za Marekani, zinatoka kiwandani na sintetiki tangu 1992 na ringi zake zinakaa.

NYONGEZA: Nimesoma majibu. Fundi mmoja ameandika kwamba mteja akipewa funguo anaenda kukanyaga mpaka chini siku hiyohiyo, kwa hiyo silensa ndicho kitu pekee ambacho fundi anaweza kukisimamia. Hoja hiyo naiheshimu kuliko zote, ila inahusu mteja, haihusu injini. Basi safari ya kwanza aiendeshe fundi, na hiyo pamoja na oili ya pili viingie kwenye makadirio kabla kazi haijaanza, badala ya kuombwa juu kwa juu wakati mteja ameshaishiwa.

Na turbo ikifa wiki ya pili, nani alipe? Fundi atasema umekimbiza, wewe utasema aliwasha kavu. Napendekeza injini iwashwe mwenye gari akiwepo, gegi ya oili ikiwa imefungwa kwenye bloki, na presha ya baridi na ya moto iandikwe kwenye risiti. Mafundi mnaopinga, mnapinga gegi au risiti?