Toleo la majaribio la Ubuntu: tusubiri liive au tulijaribu wenyewe huku Kusini?

Wakuu habari zenu, wa Mtwara mjini, Masasi, Newala, Nachingwea mpaka Kilwa. Naomba tujadili hili maana juzi hapa Chikongola nusura tugombane na jamaa yangu fundi kompyuta. Yeye anasema toleo la majaribio la mfumo endeshi si la watu wa steshenari, tuwaachie wenyewe waliolitengeneza, sisi tusubiri likiiva ndo tutumie. Mimi nasema sisi ndo tunatakiwa kulijaribu, tena mapema kabla halijafungwa.

Kwa asiyefatilia: Ubuntu ni mfumo endeshi wa bure wa familia ya Linux, inatoa toleo kila miezi 6, Aprili na Oktoba, halafu kila baada ya miaka 2 linatoka lile la kudumu linalohudumiwa miaka 5, kama 24.04 (yaani la mwaka 2024, mwezi wa 4). Haya ya katikati yanahudumiwa miezi 9 tu. 25.10 beta yake, yaani hilo toleo la majaribio, ilitoka Septemba 2025, toleo lenyewe likatoka tarehe 9 Oktoba, na mengi yaliyoingizwa humo yaliandaliwa kwa ajili ya 26.04, ambalo ndo wengi wetu tutakuja kuliinstoli tutake tusitake, kwa sababu Windows 10 ilifika mwisho wa kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025 na hizi mashine zetu za mtumba Windows 11 inazikataa.

Ugomvi wetu ulianzia kwenye X11. Huu ni mtambo wa kuchora vitu kwenye skrini, upo tangu 1987, na kwenye 25.10 ukiingia kwenye desktopu ya kawaida haupo tena kama chaguo, imebaki Wayland peke yake, mtambo mpya wa kazi hiyohiyo. Fundi anasema huko ni kuwafukuza wenye mashine za zamani. Jamani tufikirie kazi yetu ilivyo. Kwenye X11 programu yoyote iliyo wazi inaweza kusikiliza unachobonyeza kwenye dirisha la programu nyingine. Sasa mtoto wa mtu amekaa mashine ya pembeni anaomba mkopo wa chuo, anaandika paswedi yake, na nyuma kuna kiprogramu ambacho aliyemtangulia kakiacha kinafanya kazi, paswedi inaondoka hivihivi na hakuna atakayejua. Wayland inazuia hilo, kila dirisha linaona vyake tu. Mimi kwa hili peke yake naiunga mkono, na programu za zamani bado zinafunguka kupitia XWayland, daraja la kuziendesha ndani ya Wayland.

Ila fundi nampa haki yake kwenye kadi za picha za zamani na zile programu za kumsaidia mtu kwa mbali ukiwa unaona skrini yake, hapo Wayland ina masharti yake. Ndo maana nasema tujaribu. Anayeandika hizo programu mezani kwake hana desktopu ya RAM GB 4 iliyofunguliwa mara nne na kufungwa na skrubu mbili, tunazo sisi.

Mimi ile beta niliishusha kwa bando la usiku, GB 5 na ushee, ikakatika mara mbili, bahati nzuri nilitumia amri ya kushusha faili, wget -c, ikawa inaendelea ilipoishia. Na kuna zsync, hii wengi hawaijui, ukishakuwa na faili la jana inashusha vipande vilivyobadilika tu, kwa bando zetu ni mkombozi. Nikaweka kwenye flashi, nikawasha ile mashine ya GB 4 bila kuinstoli kitu, diski sijaigusa. Feni ikavuma, ikachukua muda, ikafunguka. Nikafungua LibreOffice nikachapa barua ya mteja, nikafungua na Firefox, kurasa mbili sawa, ya tatu kipanya kikaanza kuvuta miguu. Hiyo ndo taarifa ya kuwapelekea watengenezaji. Ukiandika ubuntu-bug kwenye terminali, lile dirisha la kuandikia amri, inakusanya yenyewe maelezo ya mashine, wewe unaongeza kilichotokea, Kiingereza cha kuungaunga kinatosha.

Na msidhani wakubwa wanaona kila kitu. Kwenye 25.10 zile amri ndogondogo za msingi zimeandikwa upya kwa lugha ya Rust, nia nzuri, kupunguza makosa ya kumbukumbu ya kompyuta yanayoleta mianya ya wezi. Lakini amri ya date ilikuwa na kasoro, ukiiuliza tarehe ya faili kwa -r inakupa saa ya sasa hivi. Matokeo yake kuna mashine zikaacha kutafuta apdeti zenyewe, kimyakimya, zikidhani zimeshatafuta. Kosa hilo lilipita beta yote, Ubuntu wakaja kulirekebisha Oktoba toleo likiwa mikononi mwa watu. Ingekuwa huku, ambako hakuna anayekagua apdeti, mashine ingekaa mwaka.

Kuna jingine linanisumbua zaidi, kufunga diski isisomeke bila ufunguo, kwa kutumia TPM, chipu ya usalama inayotunza ufunguo huo ndani ya mashine; kwenye 25.10 liliitwa la majaribio na ni hiari. Mashine zetu nyingi hiyo chipu hazina. Na hata ukiwa nayo, huku ubao ukiungua fundi anachomoa diski anaipachika mashine nyingine maisha yanaendelea. Diski iliyofungwa hivyo haifunguki kwenye mashine nyingine bila ule ufunguo wa uokoaji, na nani kati yetu anauandika kwenye daftari? Hili tulisemee kabla watu hawajaanza kubonyeza tu ndiyo, ndiyo.

Fundi wangu ana kisa chake na sikidharau. Kuna duka, sitalitaja, liliweka toleo la majaribio la Linux kwenye mashine pekee waliyonayo, msimu wa maombi ya mkopo, wakaapdeti asubuhi, skrini nyeusi, watu sita kwenye benchi na siku zinaisha. Yeye ndo aliitwa. Hapo tunakubaliana kabisa: mashine inayoleta ugali haiguswi, ibaki 24.04. Majaribio ni kwenye flashi au mashine ya akiba. Tusichokubaliana ni lab za shule. Mwalimu mmoja wa sekondari kaniuliza, nikamwambia aweke moja tu pembeni kwa wale wanafunzi watundu na zilizobaki azipe la kudumu, fundi anasema hata hiyo moja asiweke.

Nyie mnaonaje? Na mwenye printa ya zamani ya ile plagi pana ya paralelo, kama umeijaribu kwenye 25.10 kupitia kebo ya kugeuza kwenda USB, tuambie imesoma au imegoma, hiyo mimi sina ya kujaribia.