Nikate miti ipi katika msitu wangu binafsi?

Swali: Nimerithi msitu wa asili ambao miti yake imesongamana mno, nami nataka kupata mbao hapo baadaye bila kuwafukuza ndege. Nianzie wapi?

Jibu: Ndugu, yaandike kwanza malengo yako kwa mpangilio wa uzito, kwani lengo lisiloandikwa huishia kuamuliwa na mnunuzi wa magogo. Kisha teua miti michache yenye shina lililonyooka na kilele kipana, uondoe majirani wale tu ambao matawi yao yanagusana na kilele hicho. Mti uliofunguliwa mwanga pande tatu au nne hunenepa upesi kuliko uliobanwa.

Jibu: Naafiki, ila usiimalize miti iliyokufa ikiwa imesimama, kwa kuwa vigogota huchimba humo matundu ambayo baadaye hukaliwa na bundi na popo. Iliyo kando ya njia, iangushe.

Muulizaji: Je, nipunguze yote kwa mkupuo mmoja?

Jibu: La hasha. Miti myembamba iliyozoea kukingwa na wenzake huangushwa na upepo ikiachwa wazi ghafla, na magugu huiwahi miche. Punguza kwa awamu, na mkataba wa uvunaji utaje miti uliyoitia rangi ya kukatwa pekee.