Naomba ushauri: makabati ya kuunganisha chini ya dari yenye mteremko

Binti Pangani: Wanajamvi, habari za jioni. Ninaishi Leipzig, Ujerumani, katika chumba cha darini chenye upana wa mita 4. Kuta za pembeni zina kimo cha sentimita 90 tu, kisha dari inapanda pamoja na paa kwa nyuzi 45 pande zote mbili. Nimenunua makabati ya PAX ya kampuni ya samani ya IKEA, na mama anakuja kutoka Tanga mwishoni mwa mwezi huku nguo zangu zikiwa bado kwenye mifuko. Je, yanaweza kukaa humu?

Mzee wa Randa: Binti, umetaja vipimo vya chumba ukaacha vya kabati. PAX hupatikana kwa kimo cha sentimita 201 na 236, na kina cha 35 au 58. Una yapi?

Mama Wawili: Mimi nilikaa darini miaka sita bila kabati. Nilifunga bomba la kutundikia nguo, na magauni marefu yakawa yanaburura sakafuni. Marehemu bibi yangu alikuwa na sanduku la mvule lenye misumari ya shaba, na kila lilipofunguliwa kanga zilinukia udi. Tafuta sanduku, mwanangu, maana hilo linakaa kando ya ukuta mfupi bila taabu.

Binti Pangani: Ahsante, mama, lakini makabati nimeshayalipia. Ni mawili ya 236, kina 58, moja lina upana wa 100 na jingine 75.

Mzee wa Randa: Maboksi umeyafungua?

Binti Pangani: La 100 bado. La 75 nimelifungua na, niseme kweli, Jumamosi nilikata ubavu wake mmoja kwa msumeno wa mkono nikifuata mteremko. Ganda jeupe lilichanika na chembe za mbao zikamwagika hadi kitandani. Hata hivyo sioni kama nilikosea, kwa sababu kumwita fundi huku ni gharama kubwa, na nimebakiza ubavu wa pili tu.

Ustadhi wa Makorora: Dada yangu, ushauri huombwa kabla ya msumeno. Ukishakata, unachoomba ni faraja.

Mpimaji: Mniwie radhi, uzi huu nautilia shaka. Katika chumba cha mita 4 chenye ukuta wa 90 na mteremko wa nyuzi 45, dari hukutana katikati kwenye kimo cha 290, kwa hiyo kabati la 236 lingesimama katikati zima. Tusipoteze muda kwa kisa cha kutungwa.

Binti Pangani: Sijatunga neno. Dari haikutani kwa ncha: juu kuna sehemu bapa yenye upana wa mita 1, na kimo chake ni 240. Sikudhani ina maana.

Mpimaji: Basi hesabu imekubali. Naomba radhi, dada.

Mzee wa Randa: Sehemu hiyo ndiyo iliyokuwa na maana kuliko zote. Kabati la 236 lenye kina cha 58 lina takriban 243 kutoka pembe hadi pembe, hivyo ukiliunganisha likiwa limelala halitainuka chini ya dari ya 240. Usikate ubavu wa pili, kwani ubao wa juu ndio unaofunga mbavu, na ukikosa pa kushika kabati litayumba. Omba kubadilisha boksi la 100 upate la 201, na la 75 ulinunue upya kwa kimo hicho. Kwenye ukuta wa mwisho wa chumba, ule unaofika hadi sehemu bapa, penye kimo cha 201 dari inakuachia upana wa 178, na makabati yako mawili yanachukua 175. Pembe kwa pembe ni 209 tu: yainue moja moja katikati ya chumba, uyasukume hadi ukutani, kisha uyafunge kwa skrubu yasije yakamwangukia mtu. Mbao za lile la zamani zikate ziwe rafu za ukuta mfupi, na kingo zake uzifunike kwa utepe unaobandikwa kwa pasi.

Binti Pangani: Nimepima ukuta wa mwisho sasa hivi na kupata 177 na nusu. Kesho asubuhi ninalirudisha boksi la 100, ila ubavu niliokata siutupi.